Fahamu: Kwa nini mgeni Marekani hutozwa riba kubwa ya gari

Kazi unayo, mshahara unaingia kila wiki mbili, lakini benki inakunyima mkopo wa gari. Kisa? Wakopeshaji wa Marekani hutazama alama za FICO, yaani alama za historia yako ya mikopo, 300 hadi 850, na aliyefika juzi hana alama yoyote; mikopo aliyolipa Nairobi au Bukavu kwa kawaida haihesabiwi. Hapo ndipo wauzaji wanaokopesha wenyewe humnasa. Riba yao huweza kupita asilimia 20, na baadhi hufunga kifaa cha kulizima gari ukichelewesha rejesho. Afadhali uanzie chama cha akiba na mikopo, tena ukiwa na kianzio cha maana. Na kabla ya kusaini, ulizia bei ya bima: mkopeshaji hudai bima kubwa, na hiyo wengi huisahau.