Kamera Inayojua Kunyamaza

Paukwa!

Vizuri, mmeitika. Leo siwasimulii habari za sungura. Nawasimulia macho yaliyofungwa kwenye miti ya Serengeti, upande wa Seronera. Mwaka 2010 watafiti wa simba wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kutega kamera huko. Zikafika 225, zikatapakaa kwenye eneo la kilometa za mraba 1,125. Mpigapicha hakuna. Kitu chenye joto kikipita mbele, kihisi kinashtuka na picha inapigwa. Nyumbu huyo, fisi huyo, tembo na mwanawe. Miaka mitatu tu, zikapatikana picha milioni 3.2!

Sasa sikilizeni kioja. Katika kila picha nne, karibu tatu hazikuwa na mnyama. Nyasi tu! Jua likizipasha na upepo ukizitikisa, kihisi kinadhani kapita mwenye damu. Watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 walikaa wakazichambua kupitia intaneti. Mwaka 2018 watafiti wakaifundisha kompyuta kazi hiyo, wakakadiria kwamba ingewaokolea watu zaidi ya saa 17,000.

Saa zimeokolewa, haya. Na umeme je? Picha ya nyasi nayo hula umeme. Inakula inapopigwa, inapohifadhiwa, na hata kompyuta inapoitazama na kujibu kwamba hamna kitu. Hata picha unayoirusha kwa simu kutoka Mugumu au Sirari huenda kulala kwenye kituo cha data, jumba lenye kompyuta ziitwazo seva, zinazofanya kazi usiku na mchana. Seva huchemka. Kuzipoza kunataka umeme mwingine, na mara nyingi maji.

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia terawati-saa 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote. Namba hiyo haishikiki, kwa hiyo nimeipigia hesabu ya kwetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Ungehitaji mabwawa 22 kama hilo, mitambo yote ikizunguka mwaka mzima bila kupumzika, na bado usingetosheleza. Na mto gani huo usiojua kiangazi? Jirani zetu Kenya wanafikiria mvuke wa ardhini: Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, karibu na Naivasha, kitumie umeme wa mvuke huo.

Turudi porini, maana utamu uko huku. Katika pori la Grumeti, magharibi mwa Hifadhi ya Serengeti, zilijaribiwa kamera nyingine, za kuwavizia majangili. Zilisaidia kukamata 30. Lakini zilikuwa kama mbwa anayebweka kila jani likianguka: askari wanapokea picha za swala na matawi, huku betri ikiisha bure, maana kutuma picha ndiko kunakokomba chaji.

Basi Januari 2019 shirika la RESOLVE na kampuni ya Intel wakatangaza kamera mpya, TrailGuard AI. Ndani yake mna chipu ndogo ya akili unde inayoitazama picha palepale mtini. Ni mtu? Itume kwa askari. Ni nyumbu au nyasi? Nyamaza. Kwa sababu hiyo betri yake inaweza kudumu hadi mwaka mmoja na nusu.

Mimi hufurahi kwamba akili yake ni finyu. Haiwezi kukuandikia insha wala kukuchorea katuni. Imefundishwa kujibu swali dogo, na swali dogo hujibiwa na betri. Zile programu mnazoziuliza kila kitu kwenye simu, kuanzia hesabu za shule hadi matokeo ya Simba na Yanga, haziwezi kuenea kwenye chipu ya mtini. Maswali yenu husafiri hadi kwenye majumba yale ya seva, na huko ndiko mita ya umeme inakosomeka.