Kura Yangu kwa Mtunza Maabara

Kila Aprili idara yetu chuoni hukaa kuchagua mfanyakazi hodari wa kutangazwa Mei Mosi. Nimehesabu kura hizo miaka 11, na bado viganja hunitoka jasho ninapofungua sanduku.

Watu hudhani heshima hii ni ya wahadhiri tu. La. Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Hii ya tatu husahaulika upesi, maana haina mtihani. Kwa mfano, Wangari Maathai alikuwa akifundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977. Tuzo ya Amani ya Nobel ilimfikia 2004. Miaka 27 baadaye!

Mwaka jana nilimpigia kura mtunza maabara wetu. Kila Jumamosi hukusanya chupa za maji ya visima vya mtaani, huyapima chumvi na vijidudu, kisha hurudi kuwaeleza akina mama, bila maneno ya kitaalamu, maji yapi yachemshwe na kisima kipi kifungwe. Hakuwahi kuandika barua ya kujisifu. Ilibidi twende kuwauliza wakazi wenyewe.

Jina lake liliposomwa, alivua kofia ya maandamano ya Mei Mosi, akaikunja taratibu, ndipo akaenda mbele. Alipewa cheti na bahasha. Mimi naona anastahili pia siku moja ya kazi kila wiki kwa ajili ya visima hivyo, mshahara uleule. Ombi nimeshaliandika, kikao ni Alhamisi.