Mtutu wa inchi ngapi? Swali la mchezo linaloishia kwenye daraja la Rusizi

RUSIZI – Kila asubuhi madaraja ya Mto Rusizi, kati ya Kamembe na Bukavu, hujaa watu wenye mizigo kichwani: mboga, unga, samaki, kuku. Vitu hivi afisa wa forodha amevizoea. Mzigo mrefu na mwembamba uliofungwa kwa gunia ndio utakaomfanya anyanyue macho.

Wafanyabiashara wanaosafiri hadi Dubai na Doha huagizwa mambo mengi na wateja wao. Siku moja ombi linaweza kuja hivi: mteja mwenye pesa ameanza mchezo wa skiti, wa kulenga visahani vinavyorushwa hewani, na anataka aletewe mtutu wa bunduki ya marisau, “mrefu kidogo kuliko huu nilio nao”. Mzigo ni mmoja na faida inavutia. Lakini hapo pana maswali mawili: mtutu wa urefu gani, na nani anaruhusiwa kuubeba? La kwanza lina majibu mengi. La pili lina moja tu.

Mchezo wenyewe

Skiti ilizaliwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts, kwenye miaka ya 1920, pale wawindaji wa ndege walipotafuta mazoezi ya kufanya nje ya msimu. Iliingia Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico. Mchezaji huzunguka vituo vinane, saba vikiwa kwenye nusu duara na cha nane katikati. Visahani hutoka kwenye vibanda viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, na mzunguko mmoja una visahani 25.

Nchi za Ghuba zimeupenda mno mchezo huu. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, anayejulikana zaidi kwa mbio za magari za Dakar, alipata medali ya shaba ya skiti jijini London mwaka 2012. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alichukua shaba Rio mwaka 2016, kisha akairudia kwenye michezo ya Tokyo akiwa na umri wa miaka 57. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Maziwa Makuu asishangae kuona vifaa hivi kwenye maduka ya huko.

Mrefu au mfupi?

Wengi hudhani mtutu mrefu hupiga kwa nguvu zaidi. Kwenye skiti hilo halina uzito. Baruti ya siku hizi huwa imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake kabla marisau hayajafika mdomoni. Inchi moja ya ziada huongeza kama mita 2 au 3 kwa sekunde, ilhali marisau huondoka kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Visahani vyenyewe hupigwa umbali wa mita 20 hivi, na hapo tofauti hiyo haionekani.

Kinachobadilika ni mkono. Mtutu mfupi wa inchi 26, yaani sentimita 66, ni mwepesi mbele na huanza kwenda haraka. Tatizo ni kwamba husimama haraka vilevile, na mchezaji anayesimamisha bunduki wakati wa kufyatua hupiga nyuma ya kisahani. Mtutu wa inchi 30, sentimita 76, ni mzito kuanza, lakini ukishashika mwendo hauachi njia. Ndiyo sababu wachezaji wengi wa leo huchagua inchi 28 au 30, ingawa zamani 26 ndiyo iliyokuwa kawaida ya skiti.

Aina ya bunduki nayo huingia kwenye hesabu. Bunduki inayojipakia yenyewe ina kifua kirefu cha chuma nyuma ya mtutu. Ikiwa na mtutu wa inchi 26, urefu wake wote hukaribia ule wa bunduki ya mitutu miwili ya inchi 28 au zaidi. Mwenye kulinganisha apime bunduki nzima, si mtutu peke yake.

Kisha kuna mwili wa mchezaji. Mtu mfupi au mwenye mikono isiyo na nguvu atachoshwa na bunduki nzito mbele kabla hajamaliza visahani 25. Na kitako kisichokaa vizuri begani huharibu shabaha kuliko inchi mbili za mtutu.

Hapa mfanyabiashara ajue jambo moja la pesa: mtutu haununuliwi kama tairi. Mitutu ya bunduki ya mitutu miwili hulinganishwa na mwili wake na fundi, moja kwa moja. Kumletea mteja mitutu ya bunduki nyingine ni kununua hasara. Kuukata mtutu mrefu uwe mfupi ni kosa kubwa zaidi: kunaondoa mbano wa mdomoni unaokusanya marisau, na katika nchi nyingi kunampeleka mtu mahakamani.

Kipande ni silaha

Sasa swali la pili. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inautaja mtutu kwa jina kati ya vipuri vinavyodhibitiwa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozihusu nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, nayo inagusa vipuri ambavyo bunduki haifanyi kazi bila hivyo, na inataka silaha zinazoingizwa nchini ziwekwe alama. Rwanda ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2018. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zisizoingia bila kibali.

Maana yake ni kwamba kusema “ni bomba tu, si bunduki” hakumwokoi mtu. Wala utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000 haumhusu, kwani huo ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Na tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, kipande cha bunduki karibu na mto huu hakiwezi kuchukuliwa kwa mzaha na upande wowote. Anayekamatwa nacho ni aliyekibeba, si mteja aliyeagiza kwa simu.

Mwenye leseni ndiye wa kuomba kibali na kusafiri na silaha yake. Mfanyabiashara abaki na biashara iliyo halali: miwani ya kukinga macho, vifuniko vya masikio, fulana zenye mifuko zisizo na mabaka ya kijeshi. Hizo hulipiwa ushuru kama bidhaa nyingine na kuvuka daraja mchana kweupe. Risasi, hata moja iliyosahaulika mfukoni mwa fulana, haimo kwenye orodha hiyo. Mifuko ikaguliwe kabla ya kufunga mzigo.