Daktari Akichelewa, Mgonjwa Ndiye Huumia

Asubuhi moja, katika jengo la ghorofa katikati ya jiji la Nairobi, wagonjwa 20 walikuwa wameketi wakimngojea daktari. Wote walikuwa wameambiwa wafike saa mbili. Ilipofika saa tatu unusu, daktari alikuwa bado hajaonekana. Kliniki hiyo ni yangu, na aliyekuwa akingojewa ni mimi.

Miongoni mwao alikuwa nyanya mmoja kutoka Kangemi, anayeugua kisukari kwa miaka mingi. Aliamka alfajiri, akameza tembe zake kama kawaida, lakini hakunywa chai kwa sababu alijua atapimwa sukari kabla ya kula. Akapanda matatu, akavumilia msongamano wa magari katika Barabara ya Waiyaki, na kufika kabla ya saa mbili.

Mimi nilifika saa nne kasorobo, nikitoka kuwaona wagonjwa niliowalaza hospitalini. Nilimkuta akitetemeka na kutokwa na jasho jingi, huku jirani yake akidhani anasinzia. Sukari yake ilikuwa imeshuka hadi 2.6. Kwa mgonjwa wa kisukari, ikishuka chini ya 4 inafaa kutibiwa papo hapo. Tulimpa maji ya glukosi, na baada ya robo saa akapata nafuu.

"Mwanangu daktari," akaniambia, "niliogopa kwenda kununua chai. Ningeitwa kama sipo, nafasi yangu ingepotea."

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyanya huyu, ngoja ngoja ilikaribia kumzimisha.

Hesabu ya foleni

Wengi huamini kwamba foleni ndefu husababishwa na wingi wa wagonjwa pekee. Si kweli. Chukua wagonjwa 20 walioambiwa wote wafike saa mbili, na kila mmoja ahudumiwe kwa dakika 10. Hata daktari akianza kwa wakati, wa mwisho atangoja dakika 190, yaani zaidi ya saa tatu. Daktari akichelewa kwa saa moja, kila mmoja wao huongezewa saa hiyo. Saa moja ya mtu mmoja imepoteza saa 20 za watu wengine.

Jambo hili lilichunguzwa Uingereza tangu 1952 na mtaalamu wa takwimu Norman Bailey. Alionyesha kwamba hospitali zilikuwa zikiokoa dakika chache za daktari kwa gharama ya saa nyingi za wagonjwa. Alipendekeza wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, kisha wengine wafuatane kwa muda unaolingana na ule ambao daktari hutumia kumhudumia mgonjwa mmoja. Mpango huo hauhitaji mashine yoyote. Unahitaji daftari, saa ya ukutani na daktari anayeiheshimu.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine. Mwaka wa 1971, Tume ya Ndegwa ilipendekeza wafanyakazi wa serikali waruhusiwe kuendesha shughuli zao za kibinafsi. Madaktari wengi walifungua kliniki mjini huku wakiendelea na kazi ya hospitali, na hadi leo wapo wanaogawanya siku moja katika sehemu mbili au tatu. Si uvivu. Lakini anayeahidi kuwa mahali pawili saa mbili asubuhi ameshavunja ahadi moja.

Kuchelewa huko huwa na hasara ya pili. Daktari aliyechelewa huanza kukimbia. Mgonjwa aliyengoja saa tatu hupewa dakika tatu, na lile jambo lililomleta hasa, ambalo mara nyingi hulisema mwisho, hakai chumbani muda wa kutosha kulitaja. Uchunguzi wa nchi 67 uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba katika nchi 18, zenye takriban nusu ya watu wote duniani, mgonjwa hukaa na daktari kwa dakika tano au pungufu.

Tangu siku ile nimebadilisha utaratibu. Naanza saa tatu, muda ninaoweza kuutimiza. Kila mgonjwa ana saa yake, na wanaopimwa bila kula hutangulia. Nikicheleweshwa na dharura, karani hutangaza ni kwa muda gani, na anayetaka kwenda kunywa chai huenda bila kupoteza nafasi.

Wewe msomaji ufanye nini?

Piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Usiulize tu kliniki inafunguliwa saa ngapi. Uliza daktari huanza saa ngapi na umetanguliwa na wangapi. Usipoweza kwenda, wajulishe, kwani nafasi yako itamfaa mwingine.

Kama una kisukari na umeambiwa usile, muulize daktari mapema ni dawa gani ya asubuhi uiache mpaka utakapokula. Beba sukari au peremende, na chakula. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho au kuchanganyikiwa, kula sukari mara moja na umwite muuguzi. Usingoje ruhusa. Kipimo kinaweza kurudiwa siku nyingine.

Maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida, kupooza kwa ghafla upande mmoja au mtoto anayepatwa na degedege si mambo ya foleni. Simama useme. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura.

Na ukishangojeshwa bila kuelezwa sababu, uliza kwa heshima. Wagonjwa 20 walininyamazia asubuhi ile kwa kunionea haya. Kama mmoja angemwambia karani kwamba nyanya anatokwa na jasho, tungemsaidia mapema.