Nyama ya Kilo na Nyama ya Mgawo

Mwisho wa juma barabara ya Magadi hupandisha watu wa Nairobi wenye hamu ya nyama choma. Hupita Ongata Rongai, hupita Kiserian, kisha hufika Kona Baridi, pale nyanda za juu zinapokatika ghafla na Bonde la Ufa likafunguka chini yako. Upepo wa vilima vya Ngong huwakumba hata jua likiwa kali. Wengine huishia hapo, wengine huteremka hadi Olepolos. Nyama ya mbuzi huchaguliwa ikiwa bado imening'inia, hupimwa kwa kilo, hukaa juu ya makaa hadi wenye haraka wachoke kuuliza, kisha huletwa juu ya ubao ikiwa imekatwakatwa, ugali na kachumbari kando. Ni chakula kizuri na sina ugomvi nacho. Lakini katika maboma ya Ilkeekonyokie, ambao ndio Wamaasai wa upande huu, nyama haikupimwa. Iligawiwa. Asiyejua kanuni za mgawo huo amekula nyama tu. Chakula cha Wamaasai bado hajakigusa.

Anayetafuta mapishi ya Kimaasai kwa kuulizia viungo atarudi mikono mitupu. Jiko la mama wa zamani halikuwa na kitunguu, bizari wala mafuta ya kukaangia, na moto wake haukuwa na kazi nyingi. Ujuzi ulikaa kwingine: katika chombo, katika moshi, katika miti ya dawa, na zaidi ya yote katika kujua nani ale nini, pamoja na nani, siku gani. Huo ndio urithi ambao koko, yaani bibi, alimwachia binti yake na binti akamwachia wake, bila kipimo cha kijiko wala kikombe.

Tuanze na kibuyu, enkukuri kwa lugha yao, kwa sababu hapo ndipo msichana alipoanzia shule. Kibuyu husuguliwa, huoshwa, hukaushwa. Kisha huchukuliwa kijiti cha oloirien, mzeituni wa mwituni, kikachomwa hadi ncha iwe kaa jekundu, na kaa hilo huingizwa ndani ya kibuyu na kusuguliwa kwenye kuta zake. Moshi hufungiwa humo kwa muda. Baadaye vumbi la mkaa hupigwa brashi hadi litoke, ili maziwa yabaki meupe na yachukue harufu peke yake. Moshi hupunguza vijidudu vinavyoharibu maziwa, na yale yanayotiwa humo huganda taratibu yakawa kule naoto, maziwa ya mgando, yanayokaa siku nyingi bila jokofu. Msichana aliyefanya haraka alijulikana siku ya pili, maziwa yalipochacha vibaya, na hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Oloirien huyo, kwa wataalamu wa mimea, ni wa spishi ileile ya mzeituni wa Italia. Tofauti ni tawi la ukoo tu. Mkulima wa Toscana aliukamua mzeituni wake mafuta, nayo ndiyo yaliyobeba mapishi ya nyumba yake kizazi hata kizazi. Mmaasai hakujishughulisha na tunda la mzeituni wake, ambalo ni dogo na lina nyama kidogo, akachukua moshi wa mti. Sidhani kuna jamii nyingi zilizoweza kupika kwa mti mmoja kwa njia mbili zilizo mbali kiasi hicho.

Majirani nao wana yao. Wakalenjin hutumia senetwet katika mursik na huuacha mkaa ndani, hivyo maziwa yao huwa na rangi ya kijivu. Ndiyo hayo wanariadha wa Kenya hunyweshwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakirudi na medali, mbele ya kamera. Wapokot huchanganya majivu ya mti waziwazi, na maziwa yao yamelindwa na Slow Food, jumuiya iliyoanzishwa Italia na Carlo Petrini na wenzake ili kutetea vyakula vya wakulima na wafugaji vilivyokuwa vinapotea. Kule naoto haijapata kamera wala ulinzi wa namna hiyo. Labda ni kwa sababu Mmaasai mwenyewe amepigwa picha sana, na wapiga picha walitaka mikuki na shanga. Kibuyu kilipoingia kwenye picha kiliingia kama pambo.

Hata kibuyu chenyewe hakikuota katika boma. Wafugaji hawakulima, kwa hiyo vibuyu, pamoja na nafaka na tumbaku, vilitoka kwa wakulima, hasa Wakikuyu wa upande wa pili wa Ngong. Waliofanya biashara hiyo walikuwa wanawake, na hata wanaume walipokuwa wanavamiana na kunyang'anyana ng'ombe, akina mama wenye mizigo mgongoni waliachwa wapite. Kwa hiyo anayesema chakula cha Wamaasai kilikuwa safi, kisichoguswa na mtu mwingine, hajakitazama chombo alichonywea.

Mwanamke ndiye aliyekamua na ndiye aliyegawa maziwa. Mume aliweza kusema ng'ombe mia ni wake, lakini kilichomo kibuyuni kilikuwa cha mkewe, na watoto walilijua hilo mapema. Kibuyu cha mtoto kilikuwa kidogo, cha mzee kilikuwa chake. Murani, yaani kijana shujaa, hakunywa maziwa peke yake: alihitaji mwenzake wa rika, hata kama njaa ilikuwa yake na kibuyu kilikuwa cha mama yake mzazi. Mgeni anaweza kuiona sheria hiyo kama mateso ya bure. Fikiria maisha ya vijana hao na utaona ilivyofanya kazi. Kijana asiyeweza kula bila mwenzake hamwachi mwenzake nyuma machungani, wala hawezi kushiba kwa siri wakati wengine wana njaa.

Maziwa na nyama havikuchanganywa siku moja. Nyama yenyewe ilikuwa chakula cha siku maalumu: sherehe, ugonjwa, uzazi, ukame. Mnyama alipoanguka, kila kipande kilikuwa na mwenyewe kabla kisu hakijashuka. Wazee walikuwa na sehemu zao, wanawake zao, wavulana zao, na mchinjaji yake. Mafuta ya kondoo yaliyeyushwa na kunywewa na mama aliyejifungua. Mtoto aliyetumwa kupeleka kipande nyumba ya tatu alijifunza njiani nani ni nani katika ukoo, na nadhani hakuna somo la uraia lililonolewa vizuri kuliko hilo, ingawa nakiri lilikuwa pia somo la kumfundisha msichana kwamba vipande fulani havitamfikia kamwe.

Murani walikuwa na jiko lao la mbali, orpul, msituni au pangoni, ambako walikula ng'ombe mzima kwa siku kadhaa wakijenga miili. Nyama iliyoonwa na wanawake hawakuila. Huko ndiko mapishi hasa ya Kimaasai yalikofika kilele, na kwa bahati wapishi walikuwa wanaume. Mifupa na nyama vilichemshwa pamoja na magome na mizizi: olkiloriti, ambao ni mgunga, kwa ajili ya kusaga chakula na kutia ujasiri, olmukutan kwa ajili ya minyoo, na mingine ambayo kila kikundi kilikuwa na mjuzi wake. Supu hiyo ni chungu na nyeusi. Ukiinywa mara ya kwanza utafikiri umepewa dawa, nawe hutakuwa umekosea, maana hawakutenganisha dawa na mchuzi.

Wazungu waliushangaa mlo huu. Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wanaume wa Kimaasai wa Tanganyika, waliokula maziwa na nyama kwa wingi na bado walikuwa na lehemu kidogo katika damu na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Wengine walisema ni kutembea. Wengine walisema ni asili ya damu yao. Baadaye mtafiti Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, aliuliza swali ambalo koko yeyote angeliuliza tangu mwanzo: mlitazama kilichotiwa ndani ya supu na maziwa? Magome yale yana kemikali zinazoshikana na mafuta na nyingine zinazozuia yasiharibike. Pengine majibu yote matatu yana ukweli.

Damu ilikuwa chakula cha tatu. Ng'ombe alifungwa shingo kwa ukanda, mshale wenye kizuizi ukachoma mshipa, damu ikakingwa, jeraha likazibwa, ng'ombe akarudi malishoni. Damu alipewa aliyejifungua, aliyetahiriwa, aliyeumwa. Wakati wa ukame alipewa kila mtu. Siku hizi mnyama huchinjwa machinjioni, kwa kisu cha Mwislamu kama ilivyo kawaida ya machinjio mengi ya Kenya, na damu humwagwa. Katika machinjio ya Keekonyokie pale Kiserian, yaliyoanzishwa na wafugaji wenyewe, taka huingizwa kwenye mtambo na kutolewa biogesi. Damu iliyokuwa inanywewa sasa inawasha jiko. Mzee anaweza kulilia jambo hilo, lakini mtambo huo ni akili ya kifugaji ileile: hakuna cha kutupa.

Kilichobadilisha sahani zaidi ya yote ni mahindi. Ukame wa 1984 ulileta mahindi ya manjano ya Marekani, ambayo Wakenya wa umri fulani bado wanayakumbuka kwa uso uliokunjamana, na kila ukame uliofuata, ule wa 2009 na ule mrefu ulioishia 2023, uliacha ng'ombe wachache na unga mwingi zaidi. Enkurma, ugali, sasa ni chakula cha kila siku kutoka Kona Baridi hadi Bissil, pamoja na chai yenye sukari nyingi. Kuna waandishi wanaoliita jambo hili kifo cha utamaduni. Sikubaliani nao moja kwa moja.

Ukiteremka zaidi na barabara ya Magadi utafika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba mashoka ya mawe ya kale katika miaka ya 1940, wakisaidiwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Huenda baadhi yao walilelewa kwa polenta, uji mzito wa mahindi wa kaskazini ya Italia ambao leo watalii huulipia sana. Mahindi ni mgeni kule kama alivyo huku. Yote yalitoka Amerika. Wakulima maskini wa Veneto na Lombardia, walioachiwa mahindi peke yake na wenye mashamba, waliugua pelagra kwa maelfu: ngozi iliyobabuka, kuharisha, wazimu. Mahindi yana vitamini inayohitajika, lakini imefungika, na Wahindi wa Meksiko waliifungua kwa kuyachemsha na chokaa. Wazungu walichukua mbegu wakaacha maarifa. Mmaasai anayekula ugali kwa maziwa amejikinga bila kujua. Hatari ni pale ugali unapobaki na chai ya rangi.

Na maziwa yanapungua kwa sababu ardhi imepungua. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai ranchi za pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zilikatwa vipande, kila mwanachama na hati yake. Kitengela, nchi ya Wamaasai wa Ilkaputiei, ilikuwa njia ya nyumbu na ng'ombe. Leo ni mji wa ploti za hamsini kwa mia, maghorofa na malori ya saruji. Ng'ombe wa kienyeji anahitaji kutembea. Anayebaki na ekari mbili hufuga Friesian wawili waliofungwa zizini, akanunua nyasi za marobota, na maziwa huenda kwa mchuuzi wa pikipiki alfajiri. Hapo mwenye maziwa hubadilika kimyakimya. Fedha ya mauzo mara nyingi hupita simuni, na simu si lazima iwe ya mama. Hiyo kwangu ni hasara kubwa kuliko ya ladha, maana kanuni ya kwamba aliyekamua ndiye anayegawa ilikuwa nguvu pekee ambayo mke hakuhitaji kuiomba.

Oloirien naye ana matatizo yake. Hukua polepole, na ugumu wa mti wake huwapendeza wachoma makaa na wenye kutafuta nguzo za ua. Mama wa Kona Baridi anayetaka kijiti hutuma mtu mbali au husubiri jamaa atakayekuja nacho.

Wasichana husoma shule za bweni, kwa hiyo somo la kibuyu limesogezwa hadi likizo, hasa Desemba, wakati wa tohara na harusi nyumba zinapojaa watu na maziwa yanahitajika kwa wingi. Wanaorudi mjini huchukua kibuyu. Wale walioolewa Kitengela wamezua njia yao: huchemsha maziwa kwanza, ya dukani au ya mchuuzi, huyaacha yapoe, huyatia kwenye kibuyu kilichofukizwa, na huongeza kijiko cha maziwa ya jana ili yagande. Akina koko hulalamika kwamba maziwa yaliyochemshwa hayana mwili. Ni kweli, hayana. Lakini maziwa mabichi hubeba bruselosi, homa inayowalaza watu wiki baada ya wiki katika nchi nzima ya wafugaji, na binti aliyeona ndugu yake akiugua hivyo hatashawishika kwa hoja ya ladha. Mabishano hayo yanaendelea jikoni, bibi akishika kijiti na mjukuu akishika sufuria, na hadi sasa hakuna aliyeshinda.