Fahamu: Mfumo wa kujifunzia mtandaoni vyuoni ni nini?

Ni programu inayomwezesha mwanafunzi kupata mihadhara, kuwasilisha kazi na kufanya majaribio kwa simu au kompyuta. Unaotumika sana duniani ni Moodle, uliotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Ni programu huria, hivyo chuo hakilipii leseni.

Umefikaje Tanzania?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza na vitabu vya kujisomea. Sasa kinatumia Moodle. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, intaneti ikaongezeka kasi. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaogusa pia TEHAMA vyuoni.

Kama leseni hailipiwi, fedha za mfumo huenda wapi?

Kwenye seva, mtandao, umeme wa akiba, mafundi na mafunzo ya wahadhiri.

Kwa nini ni muhimu?

Mwalimu wa Tunduru anayesomea shahada hahitaji kupanda basi kupeleka kazi yake. Anaipakia usiku, watoto wakishalala. Lakini bando likikata katikati ya jaribio, seva ya kisasa haimsaidii. Uwekezaji wa kweli humfikia mwanafunzi hapo alipo.