Dubu Mweusi Hufuata Chakula

Shule zifungwapo mwezi Juni, jamaa zetu wengi waishio Marekani na Kanada huzichukua familia zao kwenda kupiga kambi katika hifadhi za misitu na milima. Ni jambo jema. Lakini katika misitu hiyo yumo mnyama ambaye wazee wetu hawakutufundisha namna ya kujihadhari naye, kwani barani kwetu hayupo: dubu mweusi.

Jina lake lisitudanganye, maana baadhi yao wana manyoya ya kahawia. Chakula chake kikubwa ni majani, matunda ya porini, njugu na wadudu, na kwa desturi humwepuka mwanadamu. Kinachomwondolea hofu hiyo ni chakula chetu. Uwezo wake wa kunusa ni mkubwa mno, na majira ya baridi yanapokaribia hula kwa pupa ili anenepe kabla ya usingizi wake mrefu. Sufuria ya pilau isiyooshwa, mifupa ya kuku, hata dawa ya meno na sabuni, vyote humvuta.

Katika hifadhi ya Yosemite, California, dubu wamewahi kuvunja magari wakitafuta chakula. Kwa sababu hiyo kambi zake zimewekewa makasha ya chuma, na kuhifadhi chakula humo ni sheria. Popote mwendapo, waulizeni walinzi wa hifadhi utaratibu wao. Walalao ndani kabisa ya msitu wapike na kuweka chakula umbali wa meta 90 hivi kutoka kwenye hema.

Njiani, tembeeni pamoja mkizungumza, ili dubu awasikie mapema. Watoto wasitangulie. Dubu hupenda kutembea alfajiri na magharibi. Basi waamkao kutawadha watoke wawili au zaidi, wakiwa na tochi.

Mkimwona, msimsogelee kwa ajili ya picha. Katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, kumkaribia kwa makusudi chini ya meta 45 ni kosa la jinai. Msisimame kamwe kati ya mama na watoto wake. Msikimbie, kwani mbio zake hufikia kilomita 50 kwa saa. Wala msipande mti, kwani yeye hupanda kuliko sisi. Wabebeni watoto wadogo, simameni pamoja, semeni kwa sauti thabiti, kisha rudini nyuma polepole. Akizidi kuwafuata, pigeni kelele, inueni mikono, mrushieni mawe. Na akishambulia, piganeni naye kwa chochote kilichopo, mkimlenga usoni. Kujifanya maiti ni ushauri unaohusu dubu wa aina nyingine, aitwaye grizzly, anapojihami. Kwa dubu mweusi haufai.

Dubu aliyeonja chakula cha watu hurudi tena, na kila arudipo hupungua woga. Wengi wa namna hiyo huishia kuuawa na wenye mamlaka kwa kuhofia usalama wa wageni. Uzembe wa familia moja huweza kuwafika wageni wa wiki ijayo, na hatimaye kumgharimu mnyama huyo uhai wake.

Hivyo kabla ya kulala, baba au mama aizunguke kambi, akague meza, na aitazame mifuko ya watoto. Peremende moja iliyosahauliwa ndani ya hema yatosha kumwita.